Kamba Iliyofanywa Kiziwi

Mama aliyekuwa akilisha mahindi kwenye kinu chetu alipoteza vidole vya mkono wa kuume asubuhi moja ya mvua, na kabla damu haijakauka juu ya saruji, msimamizi alikuwa ameshatoa hukumu kwamba kosa ni la mama mwenyewe. Hilo ndilo lililonikwama kooni, na mpaka leo halijashuka. Ajali nilikuwa nimeziona. Katika Kolwezi hakuna nyumba isiyomjua mtu aliyeumizwa na mashini. Lakini kumwita mtu mwongo wakati lori bado linampeleka hospitali, hilo sikuwahi kuliona.

Kinu kilikuwa pembeni mwa mji, karibu na njia ya reli, na watu walikiita tu mulin. Mahindi yalikuja kwa magunia kutoka Mutshatsha na Lubudi, na unga ulitoka kwenda kupikwa bukari, ugali wetu, katika nusu ya mji. Mwenye kinu alikuwa Hadji, mzee wa familia ya wafanyabiashara waliotoka upande wa Kasongo, watu wa malori na maghala. Alikuwa haonekani sana. Kazi ya kila siku aliiacha mikononi mwa msimamizi, bwana mwenye abakosi, ile suti isiyovaliwa tai, iliyopigwa pasi, aliyependa kuingia kiwandani mikono ikiwa nyuma, kama mtu anayetembelea bustani yake.

Mimi nilikuwa fundi wa umeme. Baba yangu, karani wa reli, alinipeleka shule ya ufundi wakati ndugu zake walimwambia kwamba msichana atakayeshika nyaya hataolewa. Nilishika nyaya, nikaolewa pia. Pale kinuni nilikuwa mwanamke pekee mwenye bisibisi mfukoni, na wale mama waliofagia nafaka na kulisha mahindi walinichukua kama mtu wao. Huyu niliyemtaja ndiye aliyenipokea siku yangu ya kwanza. Alinipa nusu ya muhogo wake, akaniambia mahali pa kusimama ili vumbi la pumba lisinipige usoni.

Siku ile nilikuwa upande wa mota nilipowasikia watu wakipiga kelele. Mahindi yaliingia katika mfereji wa chuma ambamo parafujo kubwa ilizunguka na kuyasukuma mbele. Pumba na kamba za magunia zilikuwa zimeziba mdomo wa mfereji, yeye akanyoosha mkono kuzitoa, na parafujo ikashika mkono wa shati lake. Juu ya kichwa chake ilipita kamba nyekundu ya kusimamisha mashini, iliyotandazwa urefu wote wa mfereji kwa ajili ya jambo kama hilo hasa. Mashini haikusimama mpaka mwenzake mmoja alipokimbia hadi ukutani kuzima umeme wote wa jengo.

Nilifika, nikapiga magoti. Alikuwa amekuwa mweupe midomoni.

"Nilivuta, mama," aliniambia. "Nilivuta na nguvu yote. Haikusimama."

"Najua," nilimwambia, ingawa bado sikujua kitu. "Nyamaza kwanza."

Walipokwisha kumpandisha kwenye lori kwenda hospitali, msimamizi alituita sote mbele ya kabati la mashini. Humo ndani kulikuwa na fahari yake: kompyuta ya kibao kimoja tu, isiyo na kioo cha televisheni wala sanduku, yenye vitufe vichache na tarakimu nyekundu zinazowaka. Ndiyo iliyoamua mota ipi iwake na ipi izime. Ilisikiliza pia kamba nyekundu, na mtu akiivuta ilipaswa kuzima parafujo papo hapo na kuweka alama kwenye tarakimu zake. Msimamizi alibonyeza vitufe. Zikatokea sifuri mbili.

"Munaona?" alisema. "Mashini inasema hakuna mutu alivuta kamba. Mashini haina ndugu, haina kabila. Haiwezi kusema bongo, haijui uongo. Ule mama aliogopa, akasahau kamba, sasa anatafuta wa kumubebesha."

Nilisema, "Citoyen, anasema alivuta."

"Citoyenne," alinijibu, akilikokota neno lile la serikali kama mtu anayekokota mguu, "wewe uko teknisye. Wewe zaidi ya wote ungepaswa kuamini mashini."

Mchana huohuo alitangaza kwamba mama yule hatarudi kazini, kwa sababu amevunja sheria ya usalama. Mkono wake ulikuwa bado unashonwa.

Ningekuwa na hasira tu, labda ningekunywa chai yangu nikanyamaza, kama wengi walivyonyamaza. Lakini nilikuwa nimeiona kamba yenyewe. Ilikuwa imelegea na kuning'inia, na ndoano iliyoishika mwishoni ilikuwa imenyooka kama mtu amebembea juu yake. Kamba ambayo haikuvutwa haifanyi hivyo.

Jumapili kinu kilipumzika. Nilimwomba mlinzi anifungulie, nikaingia na voltimeta yangu. Mvua ilikuwa imekatika na jengo zima lilinuka unga uliolowa. Nilianza na kamba. Nilipoivuta, swichi ya mwisho wake ililia vizuri, tak, na sindano ya voltimeta ikaruka. Swichi nzima. Nilifuata waya ukutani, kutoka kisanduku hadi kisanduku, mpaka kabatini. Waya mzima. Ulibaki ule mlango mdogo wa kuingilia kwenye kibao, na hapo ndipo niliposimama kwa muda mrefu.

Lazima nieleze jambo dogo hapa, na nitalieleza kama nilivyowaeleza wale mama baadaye, wakalielewa kuliko msimamizi. Kompyuta ya namna ile ina chipu yenye miguu mingi ya chuma, na miguu hiyo ndiyo inayoiunganisha na dunia. Mguu wenyewe hauna kazi maalumu. Ni wewe unayeuambia, kila mashini inapowashwa, kama utakuwa sikio au mdomo. Ukiwa sikio, unapokea umeme kutoka kwa swichi na kuuambia ubongo kuna nini nje. Ukiwa mdomo, unatoa amri: washa taa, zima mota. Na katika chipu ile, miguu ilipangwa kwa makundi ya minane. Huwezi kumgeuza mmoja kuwa mdomo ukawaacha wenzake saba kuwa masikio. Ukigeuza, umegeuza wote.

Mguu wa kamba ulipaswa kuwa sikio. Kabla yake kulikuwa na rezista ndogo, kipande cha kupunguza nguvu ya umeme. Nilimwomba mlinzi avute kamba, nikaweka ncha ya voltimeta upande wa kwanza wa rezista: umeme ulipanda. Niliweka upande wa pili, penye mguu wenyewe.

"Vuta tena, tata."

Alivuta. Sindano haikutikisika. Mguu ulikuwa unashikilia sifuri yake kwa nguvu, kama mtu anayeshikilia mlango usifunguliwe. Sikio halifanyi hivyo, na hapo nikajua kwamba mguu ule ulikuwa umefanywa mdomo. Ubongo wa kibao ulipouliza habari za kamba, ulisoma maneno yake wenyewe: sifuri, shwari, hakuna aliyevuta. Ungeweza kuivuta kamba ile mpaka paa lianguke na tarakimu nyekundu zingekuambia hakuna aliyevuta.

Nilibonyeza vitufe nikatafuta neno la kwanza la programu, lile linalogawa masikio na midomo. Wakati kibao kinafungwa, injenia aliyekileta kutoka Lubumbashi alinionyesha neno hilo, akaniambia nilishike kichwani, kwani kwa mashini neno ni namba: tisini na nane. Sasa lilisomeka themanini na nane. Tarakimu moja tu imebadilika. Nilikaa chini kwenye saruji, mahali palepale mama yule alipolala.

"Kuko nini, mama?" mlinzi aliuliza.

"Alivuta," nilimwambia. "Alivuta kweli."

Neno lile lilikuwa limechomwa ndani ya chipu ya kumbukumbu, na hakuna mtu katika Kolwezi aliyekuwa na chombo cha kulibadilisha ila injenia yule, aliyekuja na kuondoka. Kwa hiyo nilingoja safari yake, kwani bila yeye nisingeweza kuthibitisha nani alilibadilisha. Wakati nangoja niliwaambia wanawake wa mfereji wasitegemee kamba, na nikamweka mmoja wao kila zamu karibu na swichi ya ukutani. Msimamizi aliona, akaniuliza ninapoteza watu wake kwa sababu gani. Nilimwambia ni kwa usalama. Alinitazama kidogo kisha akaenda zake. Wakati ule nilidhani hakuelewa.

Injenia alifika akiwa na mkoba wake na viatu vyenye matope. Hakuwa mtu mbaya. Hilo lazima niliseme. Alikuwa kijana mwenye adabu, aliyeniita dada na kunijibu kila nilipouliza. Nilimpeleka kabatini, nikamwonyesha tarakimu.

"Themanini na nane," nilisema. "Nani alibadilisha?"

Hakusita hata kidogo. "Mimi. Ile siku ya taa."

Taa. Nilikuwa nimeisahau kabisa. Miezi kadhaa nyuma, mkubwa mmoja wa mkoa alitarajiwa kuja kukagua kinu. Wafanyakazi walifundishwa nyimbo za kumpokea, ukuta wa mbele ukapakwa chokaa, na msimamizi alitaka katika chumba cha wageni iwepo taa ya kijani itakayowaka kila kinu kinapozunguka, ili mgeni akiwa ameketi na soda yake aone kwamba mashini za Zaïre zinafanya kazi. Mgeni alikaa muda wa soda moja. Taa ilibaki.

"Miguu ya midomo ilikuwa imekwisha," injenia aliendelea. "Ilibaki ile ya kundi la kamba. Nilimwambia msimamizi: tukiweka taa hapa, kamba itakufa. Tungoje karte ya pili, kibao cha kuongeza miguu, itafika. Akasema mgeni hangoji karte. Akasema kamba haijavutwa hata mara moja tangu iwekwe, itangoja yenyewe."

"Ulimwambia kamba itakufa?"

"Nilimwambia hivyo hivyo. Mbele ya kabati hili. Nikamwambia awakataze watu kusogelea mfereji mpaka nirudi." Aliona uso wangu. "Dada, kuko nini?"

Nilimweleza. Alikaa juu ya mkoba wake wa vyombo, akafunika uso kwa mikono miwili. Kisha akasema kitu ambacho nilikingojea na bado kiliniuma: "Nilipaswa kukataa. Nilipaswa kukataa tu."

"Ndiyo," nilisema. "Ulipaswa kukataa."

Sikutaka kumfariji. Lakini hasira yangu kubwa ilikuwa imekwisha kuhamia kwa mwingine. Mpaka siku ile nilidhani msimamizi ni mjinga aliyeiamini mashini kuliko mtu. Ujinga ningeweza kuusamehe. Una dawa yake. Kumbe alijua. Aliposimama mbele yetu na kubonyeza vitufe, alijua kwamba sifuri zile hazikuwa na maana yoyote, kwa sababu yeye ndiye aliyeagiza kamba ifanywe kiziwi. Alimtazama mama anayebebwa, akaiita kompyuta kuwa shahidi wake wa uongo. Na alinitazama mimi, akaniambia ningepaswa kuamini mashini.

Nilimwambia injenia, "Twende kwa Hadji. Sasa, kabla hujapanda gari."

"Dada, msimamizi ndiye ananipa kazi hapa."

"Hadji ndiye mwenye kinu. Na vidole havikuwa vya msimamizi."

Tulimkuta Hadji kwenye ghala lake la mjini, akisimamia upakuaji wa chumvi. Nilimsalimu, naye akaitikia akaniuliza habari za nyumbani, za mume, za watoto, polepole, kama desturi yao ilivyo. Kisha nikamweleza. Nilianza kumwambia habari za miguu na masikio, akaniinulia kiganja.

"Binti yangu, mimi sijui mambo ya umeme. Kamba ile ikivutwa, parafujo inasimama au haisimami?"

"Haisimami, Hadji."

"Basi twende tukaivute."

Alikuja na gari lake mwenyewe. Kinu kilikuwa kinazunguka. Msimamizi alimwona akiingia, akaja mbio akifunga kifungo cha abakosi. Hadji hakumsalimu. Aliwaomba wanawake wasogee mbali na mfereji, akakunja mkono wa kanzu yake, akainua mkono na kuishika kamba nyekundu. Akavuta. Parafujo ikaendelea kuzunguka. Akavuta tena, uzito wake wote, kofia ikamteleza. Parafujo ikaendelea. Mahindi yalikuwa yanapita chini yake kama hakuna lililotokea.

"Soma," alimwambia msimamizi. "Ile mashini yako inasema nini?"

Msimamizi alikwenda kabatini. Alibonyeza. Hakugeuka.

"Inasema nini?"

"Sifuri, Hadji."

"Maana yake nini?"

"Maana yake... hakuna mutu alivuta."

Hadji alivaa kofia yake vizuri. "Mimi nimevuta. Mimi pia ni mwongo?"

Niliwatazama wanawake wa mfereji. Mmoja alikuwa ameziba mdomo kwa ncha ya kitenge, machozi yanamtoka. Msimamizi alianza kusema kwamba ni kosa la kiufundi, kwamba injenia ndiye aliyeigusa programu. Injenia, na hapa nilimheshimu, alisema kwa sauti ya chini lakini kila mtu alisikia: "Nilikuambia, patron. Tulisimama hapo ulipo."

Kazi iliyofuata ilikuwa yangu, na niliifanya siku hiyohiyo kinu kikiwa kimezimwa. Sikurudisha kamba kwenye kibao. Nilichukua waya zake nikazipitisha moja kwa moja kwenye swichi kubwa inayoipa mota umeme, ili anayevuta kamba aukate umeme wenyewe, bila kumwomba ruhusa ubongo wowote. Ndivyo ilivyopaswa kuwa tangu mwanzo, na nilikuwa nimelisema hilo wakati wa kufunga, nikaambiwa kwamba hayo ni mambo ya zamani. Injenia alibadilisha neno lake likawa tena tisini na nane, na taa ya kijani ikang'olewa. Msimamizi alipita wakati naing'oa. Aliniuliza sasa wageni wataona nini. Naapa alisema hivyo. Niliirudisha bisibisi mfukoni kwanza, kwa sababu sikujiamini.

Hadji alitaka mambo yasemwe hadharani. Alimtuma mtu kumleta mama yule, aliyekuja na mume wake, mkono ukiwa umefungwa ndani ya khanga shingoni. Wafanyakazi wote walikusanyika uwanjani. Msimamizi aliambiwa aseme. Akasema kwa Kifaransa kwanza, kisha kwa Kiswahili, kwamba kulitokea hitilafu katika mashini, na kwamba kinu kinasikitika kwa tukio lile.

Mama alimsikiliza mpaka mwisho. "Hitilafu," alisema. "Nani alivuta kamba?"

"Nimesema, mashini ilikuwa na hitilafu."

"Nimesikia ya mashini. Nauliza yangu. Mbele ya hawa batu ulisema sikuvuta. Nilivuta ao sikuvuta?"

Msimamizi alimtazama Hadji. Hadji alikuwa anatazama reli.

"Ulivuta," alisema mwishowe, na alilisema kwa sauti ndogo sana hivi kwamba waliokuwa nyuma waliuliza amesema nini, na wale wa mbele wakawaambia.

Mama akaitikia kwa kichwa. Hadji akamwambia kazi yake ipo, atakaa mlangoni kuhesabu magunia, kazi isiyo na mashini. Mama alishukuru. Akasema hapana. Nilikasirika naye pia kwa muda, nikiona kwamba amewaachia ushindi. Nilimfuata hadi barabarani.

"Kwa nini unakataa? Ni haki yako."

"Wewe ukiingia mule utasikia mashini," aliniambia. "Mi nitasikia yeye. Kila siku nitasikia yeye."

Alihamia Mutshatsha kwa ndugu zake, akawa analeta makaa Kolwezi kwa treni. Nilikuwa nikimwona stesheni, akifunga magunia kwa mkono wa kushoto na meno, haraka kuliko wengine. Tulinunuliana ndizi. Hatukuzungumza sana habari za kinu.

Msimamizi hakufukuzwa. Hadji alimhamishia upande wa malori, na baada ya muda nikasikia amepata cheo kwingine, katika ofisi yenye zulia. Watu waliniambia niache, mambo yamekwisha, mbona mama mwenyewe amenyamaza. Injenia alituma karte ya pili, nikaifunga, nikaupima kila mguu wake mmoja mmoja kwa voltimeta kabla sijaruhusu mtu ausogelee mfereji. Msimamizi mpya alilalamika kwamba ninachelewesha unga wa mji mzima. Nilimwambia mji ungoje, nikaendelea na mguu uliofuata.